Mkono Chini ya Kidevu

Mtu akinisalimia kwa tabasamu, mimi humwangalia mikono kwanza. Ndivyo nilivyo, na mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mke mpya huku karibu na Magwagwa, nilikuwa hivyo maradufu. Mume wangu alifanya kazi mbali, mimi nikabaki na wakwe zangu, migomba na chai. Nilitaka kitu kimoja tu: kazi ya ualimu katika shule ya msingi ng'ambo ya mto. Walikuwa wakichukua hata wasiosomea ualimu, mradi Kiingereza chao kisikwame kooni. Lakini majina yalipitishwa na kamati ya shule, na baba mkwe wangu alikuwa mjumbe wa kamati. Akikataa, ningezeekea shambani.

Nikajiunga na darasa la watu wazima, lililofanyika Jumapili alasiri katika kanisa la Wasabato, kwa kuwa siku hiyo lilikuwa tupu. Siku ya kwanza naingia, namwona nani benchi la nyuma, kofia magotini? Baba mkwe. Hakuniangalia. Kwetu kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: hawashikani mikono, hawakai karibu, hata kutazamana usoni ni mwiko. Nikajiambia huyu amekuja kunichunga. Mzee mwenye mvi atafute Kiingereza cha nini?

Mwalimu naye sikumwamini. Alikuwa kijana wa pwani, mcheshi kupita kiasi, na somo lake kubwa lilikuwa kuhesabu silabi. Jumapili moja alituambia neno “fire” lina silabi moja. Sisi tukapiga makofi mawili, fa-ya, kwa kuwa midomo yetu haikuzoea kumeza sauti. Jumapili iliyofuata, yeye mwenyewe akapiga mawili! “Every” nayo, mara mbili, mara tatu. Nilipomuuliza alicheka.

“Waingereza wenyewe hawapatani, dada. Zote sawa.”

Zote sawa! Debe la mahindi likipungua, mwenye duka naye husema sawa tu. Niliona wazi kwamba hajui kitu, na kwamba nitaumbuka mbele ya kamati kwa ujinga wa mtu mwingine.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua. Paa lilivuja upande mmoja, tukasongamana upande mkavu, na msongamano ukamleta baba mkwe kwenye benchi langu. Tuliacha pengo katikati, kila mmoja akitazama ukuta wake. Mwalimu, maskini, hakujua mila zetu.

“Leo hatupigi makofi,” akasema. “Kila mmoja aweke mkono chini ya kidevu cha mwenzake. Kidevu kikishuka, hiyo ni silabi. Mzee na dada hapo, anzeni.”

Kanisa zima likatugeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba mkwe akainuka, akavaa kofia, akatoka mvuani.

Hakuingia tena. Lakini kila Jumapili niliiona kofia yake nje ya dirisha, imetulia pale mpaka tumalize. Sasa ananipeleleza waziwazi, nikawaza. Anangoja siku ya kamati awaambie wenzake kwamba mkaza mwana wake hana haya, nusura amshike kidevu. Nilimwogopa, na kwa kweli nilianza kumchukia.

Siku ya kamati ofisa wa elimu aliandika “fire” ubaoni, akaniuliza lina silabi ngapi. Nikajibu kwamba kuna wanaosema moja na kuna wanaosema mbili, nami nitawazoeza watoto kuzisikia zote. Akakubali kwa kichwa, akawageukia wazee.

“Kuna mwenye neno?”

Nikaitazama kofia ya baba mkwe, si uso wake.

“Mimi sina neno,” akasema. “Huyu apewe kazi.”

Hata hapo sikutulia. Mkono mtupu haulambwi. Huyu atataka nini kwangu? Kesho yake, tukimenya ndizi jikoni, nikamuuliza mama mkwe.

“Mama, baba alikuwa ananichungia nini pale dirishani?”

Akaweka kisu chini. “Kukuchunga? Mwanangu, darasa hilo alilitaka yeye kabla hujaolewa hapa. Siku ya mvua ilikuwa lazima mmoja wenu atoke. Na kwa desturi yetu, wa kutoka ni wewe. Akatoka yeye.”

Aibu ilinishika, na pamoja na aibu nikampenda yule mzee, jambo ambalo sikuwa na ruhusa ya kumwambia.

Jioni alikuja kufunga ng'ombe nyuma ya jikoni, kama kawaida yake. Nikaiinamia sufuria, nikaiambia kwa sauti ya darasani, “Every.”

Nje kamba ikaacha kukwaruza. Kwenye upenyo wa ukuta niliuona mkono wake ukipanda polepole, ukakaa chini ya kidevu chake mwenyewe. Midomo ikacheza.

“Mbili,” akamwambia ng'ombe. Akajaribu tena. “Au tatu.”

Nikaongeza kuni, nikaiambia sufuria neno jingine.