Vidole Kumi vya Namatala

Muhula wangu wa kubadilishana wanafunzi ulitegemea fomu kumi. Chuo cha biashara cha Jinja kilichonipokea kilitaka kila mgeni awahoji wafanyabiashara wadogo kumi, awatembelee mara mbili, na kila mmoja awe ameridhia kwa saini au kwa dole gumba. Bila fomu hizo muhula haungehesabiwa, na mimi ningerudi Morogoro kukaa darasa moja na wale niliowatangulia mwaka mzima. Hilo nililiogopa kuliko malaria.

Miezi miwili ya kwanza Jinja nilikuwa kama bubu. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, vicheko kwa Lusoga, na mimi katikati nikitabasamu kama mtu aliyeelewa. Kwa hiyo nilipopangiwa utafiti Mbale, nikapewa chumba mtaa wa Malukhu kwa mama mmoja mjane wa askari magereza, mtu wa kaskazini anayezungumza Kiswahili, nilishukuru mpaka machozi yakanilenga. Nilijua kazi ya kujaza fomu Namatala, mtaa wa wachuuzi pale Mbale, nitaimaliza kwa siku moja.

Na kweli niliimaliza.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilivaa suruali yangu ya kaki ya kijani na buti za matope, nikabana fomu kwenye ubao wa kuandikia, nikaanzia mwanzo wa safu ya akina mama wanaouza kando ya barabara. "Habari za kazi, mama?" nilisema kwa sauti ya kusikika, maana kwetu salamu ya kunong'ona ni dharau. Mama wa kwanza, muuza nyanya, aliinuka nusu, akakaa tena. Hakuniuliza natoka wapi. Nilimweleza utafiti, chuo, usiri wa majibu, yote. Alisubiri nimalize, akatia kidole.

Wa tano alikuwa muuza malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo huko hupikwa kwa karanga. Mama wa makamo, kitambaa cha zambarau kichwani. Nilimwuliza ameuza pale tangu lini.

"Toka mtoto yangu ya kwanza iko tumboni. Sasa hiyo mtoto iko na watoto yake."

"Na shida kubwa ya biashara yako ni nini?"

"Hakuna shida, afande."

Nikacheka. Nilidhani ananitania kwa ajili ya buti. "Haya, afande anakuambia tia kidole hapo," nilisema. Akatia. Alikandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na fomu kumi. Wote kumi hawakuwa na shida yoyote duniani. Mtafiti mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi kichwa kilinivimba, nikanunua chapati iliyoviringwa na yai, nikaila nikitembea.

Jioni nilimsimulia mama mwenye nyumba. Alikuwa anachambua mboga. Aliacha.

"Ulivaa hii?" aliuliza, akionyesha suruali.

"Ndiyo, mama."

"Wewe nasimama, wao nakaa chini?"

"Sasa mimi ningekaa wapi?"

"Na Kiswahili."

"Ndiyo lugha niliyo nayo, mama."

Alifuta mikono. "Mume yangu alikuwa afande miaka mingi. Mimi najifunza hii lugha kwa kambi, hapa ni lugha ya askari. Huko nje, mtu akikuja na Kiswahili, na buti, na karatasi, watu najua kesho nafukuzwa. Zamani hata kesho haikufika. Mwanamke ya hapa akisalimia mkubwa, napiga magoti. Wewe ulisimama juu yao. Hakuna mtu alikubali, binti. Walikuogopa tu."

Nilikasirika. Nilimwambia Kiswahili changu ni cha bibi yangu na cha nyimbo za harusi, hakijawahi kumpiga mtu. Nilisema mengi, tena kwa sauti kubwa, mpaka nikajisikia mwenyewe, nikanyamaza. Mama alirudi kwenye mboga zake.

Kulipokucha nilikwenda Namatala karibu kwa kukimbia, safari hii kwa sketi. Kwenye nafasi ya muuza malewa bibi mmoja alikuwa amepanga viatu vya mitumba. Niliuliza aliyekuwa hapo yuko wapi. Hakuna aliyejua. Watu waliokaa naye bega kwa bega tangu mimba yake ya kwanza hawakumjua. Muuza nyanya alisema tu, macho chini, "Yeye alitoka, afande. Sisi pia natoka, kama unasema."

Mama wa watu alikuwa ameacha mahali pake pa miaka yote kwa sababu ya ubao wangu wa kuandikia.

Sasa niseme ukweli, maana aibu yangu haijaisha: fomu hizo nilizibeba vivyo hivyo hadi Jinja siku ya kuwasilisha. Kwa macho zilikuwa safi kabisa. Ziara ya pili nilikuwa nimeitunga kichwani njia nzima, mama kwa mama, jibu kwa jibu. Mhadhiri, mzee mpole, alizipitia moja moja, akaniambia nimewashinda wenzangu wote. Akafungua kalamu. Nilikitazama kile kidole cha tano kilivyokandamizwa.

"Mwalimu, usisaini," nikamwambia. "Walidhani mimi ni askari."

Hakunigombeza. Alizipanga fomu vizuri, akanirudishia, akasema zimebaki siku tisa kabla ya muhula kufungwa, na bila fomu kumi hana cha kunipa.

Nilirudi Mbale, na siku ya kwanza kati ya hizo tisa niliitumia Namatala pamoja na mama mwenye nyumba. Yeye alipiga magoti kwanza, mjane wa afande, na mimi nikapiga magoti kando yake kwenye matope, tukarudisha fomu kwa kila aliyekuwapo. Wengine walizichana palepale. Muuza nyanya aliyatazama magoti yangu, akacheka kidogo, ndipo akasema mwenzake wa malewa yuko sokoni Nakaloke. Katika siku zilizobaki nilipata watu sita tu waliokubali kweli. Muhula haukuhesabiwa, na wale niliowatangulia nilikaa nao darasa moja, kama nilivyoogopa.

Lakini kabla ya hao sita nilikwenda Nakaloke, peke yangu, nimejifunga khanga, nina fomu moja. Njiani nilirudiarudia salamu yao. Muuza malewa nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa nyuma kabisa ya soko, karibu na choo, mahali ambapo mnunuzi hafiki kwa hiari yake. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mulembe," nikasema.

Alinitambua. Akaanza kurudisha malewa ndani ya gunia, fungu moja baada ya jingine, bila haraka.

"Hata hapa, afande?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwanafunzi. Hufukuzwi. Nimekuletea karatasi yako."

Nilimnyooshea. Hakuipokea. Alifuta dole gumba kwenye gauni lake, akaninyooshea hicho kidole.

Nililia, sioni haya kusema. Niliikunja ile karatasi, nikaiweka kiganjani mwake, nikavifumba vidole vyake kwa mikono yangu miwili. Nilimwambia ni yake, aichane, aichome, awashie moto, na kwamba anaweza kurudi Namatala hata leo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu uleule wa siku ya kwanza. Kisha akaniuliza aipeleke ofisi gani.