Siku Baba Alipokubali Kuvaa Helmeti

Harufu ya karoti zilizotoka kuoshwa mtoni ndiyo harufu ya utoto wangu. Ni mchanganyiko wa udongo mwekundu uliolowa, majani mabichi na maji baridi yanayouma vidole, na msimu wa mavuno ilijaa nyumba nzima kwa sababu magunia yalilala kibarazani kwetu yakisubiri kuteremshwa. Tulikaa kwenye kitongoji kilichojibanza juu ya kijiji cha Lukozi, katika milima ya Usambara, mahali ambapo mwezi wa sita ukungu hauondoki hadi jua lipande, na moshi wa kuni za miti ya miwati hushika kwenye nguo hata ukizifua mara mbili. Malori ya mboga hayakuweza kufika kwetu. Kila mkulima aliteremsha mzigo wake mwenyewe hadi Lukozi, na baba yangu aliuteremsha kwa baiskeli, gunia limelala kwenye keria, limekazwa kwa mipira ya tairi kuukuu, naye akiwa mbele, kanzu ameikunja kiunoni na kofia yake ya sufi kichwani.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimeanza kidato cha kwanza. Shule ilikuwa bondeni, mbali kwa miguu, hivyo baba alininunulia baiskeli iliyokwisha kutumika, kubwa kuliko mimi, yenye breki za vyuma na kengele iliyolia kwa hiari yake kila tulipopita kwenye mawe. Nilifurahi mno. Mama hakufurahi. Baada ya siku kadhaa akarudi kutoka Lushoto mjini akiwa na kitu ndani ya kikapu, chini ya sukari na sabuni. Ilikuwa helmeti ya baiskeli, ya zambarau, imekwaruzwa ubavuni, haina mkanda. Aliiona kwenye rundo la mitumba gulioni, muuzaji mwenyewe akidhani ni mchezo wa mtoto. Mama aliishonea mkanda kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, akanivisha juu ya ushungi wangu wa shule na kusema, "Ukipanda baiskeli, hii iko kichwani. Siku ukiivua njiani, utakwenda kwa miguu mpaka umalize shule."

Sina budi kueleza kwa nini mama alikuwa hivyo. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaka yake, mjomba Rajabu, aliishi nasi. Nilipokuwa mdogo sana mjomba alikuwa akipeleka maziwa ya wafugaji wa Kwai hadi mjini kwa baiskeli, madumu mawili nyuma na moja mbele, na inasemekana hapakuwa na mtu aliyekata kona za milima ile kwa madaha kama yeye. Asubuhi moja aliteleza kwenye mteremko na kichwa chake kikakutana na jiwe. Hakufa. Miguu ilirudi, mikono ilirudi, akaweza kulima na kuchanja kuni. Maneno ndiyo hayakurudi. Lilibaki moja tu, "basi", nalo alilitumia kwa kila kitu: kushukuru, kuomba chumvi, kuniita, kukataa. Sisi wa nyumbani tulijua ni basi lipi kwa namna alivyolitamka. Lakini mara nyingine alilirudia na kulirudia akitafuta lingine ndani yake, machozi yakimlengalenga, na mama akawa anamshika mkono mpaka atulie.

Shuleni waliniita Kobe. Wavulana waligonga ile helmeti kwa kalamu wakiuliza kama kuna mtu ndani, na mwalimu mmoja aliniambia niiache getini isiwachekeshe wenzangu. Niliivaa hivyo hivyo, si kwa ujasiri bali kwa sababu nilimwogopa mama kuliko nilivyoogopa kuchekwa. Baba naye alikuwa upande wa wanaocheka. Hakunikataza, ila jioni tulipokula makande alikuwa akisema kwa upole kwamba babu yake alipanda baiskeli maisha yake yote na kofia ya kitani, akafa kitandani kwa uzee.

Likizo ya mwezi wa sita ikafika, na karoti zikawa tele. Mvua ya rasharasha ilinyesha usiku kucha, na asubuhi ya siku ya gulio barabara iling'aa kama imepakwa mafuta. Baba alikuwa amekwisha kufunga gunia. Mama alitoka ndani na helmeti yangu mkononi.

"Baba Hadija, leo mtoto haendi shule. Vaa hii."

Baba alitabasamu. "Mama Hadija, nimepita njia hii tangu sijaota ndevu. Siku ikiandikwa, imeandikwa."

"Kifo ni cha Mungu, sina neno nacho," mama alisema. "Lakini kuna kuanguka kusikokuwa kifo. Huko nakujua mimi."

Nadhani alisahau kwamba mjomba alikuwa amekaa pale pale mlangoni akimenya viazi. Au labda hakusahau. Mama akainamisha kichwa kwa aibu, na baba akaanza kukaza mpira ambao tayari ulikuwa umekaza. Mjomba aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akaichukua helmeti kutoka kwa dada yake. Alimwendea baba, akamvua ile kofia ya sufi taratibu, kama anavyovuliwa mtoto kabla ya kuogeshwa, akamvika helmeti ya zambarau na kumfunga mkanda wa kanga chini ya kidevu. Ikamchukua muda. Baba alisimama wima bila kusogea. Mjomba alipomaliza aliweka kiganja juu ya helmeti na kusema, "Basi."

Baba alishika usukani wa baiskeli. "Haya, shemeji. Nimesikia," alisema, akaondoka.

Kabla ya adhuhuri, kijana jirani yetu alipanda mlima akihema. Alimwamkia mama shikamoo kwanza, kama adabu inavyotaka, na mimi nikajua kwa jinsi alivyoikokota ile shikamoo kwamba ameleta habari nzito. Baba ameanguka. Breki hazikushika kwenye kona ya mwisho kabla ya Lukozi, gunia likamsukuma, akarushwa kwenye ukingo wa mawe. Mama alikimbia bila viatu, nami nyuma yake. Tulimkuta amekaa kando ya barabara, karoti zimetapakaa kila upande, watu wamemzunguka. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na uso umechubuka. Helmeti ilikuwa imepasuka kutoka mbele hadi nyuma, vipande viwili vilivyoshikana kwa mkanda wa kanga. Mama alimwuliza jina lake. Akataja. Akamwuliza jina la mama yake mzazi. Akataja. Akamwuliza siku ile ni siku gani, na baba akasema, "Mama Hadija, ni siku ya gulio, na karoti zangu zinakanyagwa." Hapo ndipo mama alipokaa chini matopeni na kulia.

Leo ninaishi Tanga, na wajukuu wa baba hunihoji. Wanauliza kama ni lazima kweli kuvaa helmeti kila mara, hata ukienda dukani hapo jirani, hata jua likiwaka. Siwadanganyi. Najua joto lake, na najua kwamba si kila nyumba inaweza kuinunua. Baba mwenyewe, bega lilipounga, alipata nyingine, akaivaa akiteremka na kuivua akisukuma baiskeli kupanda, na mama hakumsumbua. Zamani sisi tulichekwa kwa kuvaa. Siku hizi nikienda nyumbani nawaona vijana wa bodaboda wa Lukozi wanazo, lakini wengi wamezitundika kwenye vioo vya pikipiki, na ni trafiki anayewafanya wazikumbuke. Barabara ni bora, mwendo ni mkali zaidi, vichwa ni vile vile. Nawaambia wajukuu: kinga ni bora kuliko tiba, na kuna yasiyo na tiba.

Mjomba alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita. Baba yupo. Alinipeleka chuo, aliniozesha, aliwatia wanangu adhana masikioni. Sasa ni mzee, na hunipigia simu karibu kila juma kunieleza kwamba mvua zimebadilika na kwamba vijana hawajui kupalilia. Juzi alinieleza habari ya ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani, akamaliza, kisha akaanza upya tangu mwanzo, neno kwa neno. Niliacha kazi niliyokuwa nayo mkononi, nikakaa, nikayasikiliza tena maneno yake yote mpaka mwisho.