Shoki Nilizomlazia Mke Wangu

Mke wangu alipotoka hospitalini Embu, kansa ilikuwa imeshaingia mifupa ya mgongo. Daktari alituambia hana dawa nyingine. Tukampeleka kwa binti yetu pale mjini, na jioni hiyo hiyo akaniambia anataka kwenda nyumbani. Kwetu ni kilimani, kupita Kiritiri, na mwisho wa njia si njia, ni mawe matupu. Hakuna gari linalopanda pale ila langu.

Gari hilo niliunda mwenyewe. Shule niliachia darasa la tatu, lakini Landrova ile niliikata, nikaiinua, nikaiwekea ekseli nzito, na miaka yote imepanda mawe hayo ikiwa na mapipa ya maji na mbuzi. Sijivuni. Haya, najivuna.

Shida ilikuwa ni gari gumu. Kwa sababu ya mzigo, shoki, zile bomba za kutuliza mtikiso, nilikuwa nimezisimamisha wima. Shoki ikisimama wima inakaza, kila jiwe linakufikia mwilini. Ukiilaza, kichwa chake kiinamie ndani, inalegea. Kwa hivyo nikakata breketi zote, vile vyuma vinavyoshika shoki, nikazilaza. Nikatoa springi za mzigo nikaweka laini. Nikainua gurudumu moja kwa jeki mpaka springi ikabanwa kabisa, nikaangalia kama shoki bado ina nafasi ya vidole viwili. Ikikosa nafasi, yenyewe ndiyo inagonga, na aliyelala nyuma ndiye anagongwa.

Nikaenda kujaribu kwa mawe ya mtoni. Laini ilikuwa laini, lakini nilikuwa nimelaza kupita kiasi. Gurudumu moja likipanda jiwe, gari linayumba kama mlevi anatoka sokoni. Nikarudi, nikakata tena, nikasimamisha kidogo. Binti akapiga simu.

"Baba, mama anauliza kama unaunda ndege."

"Mwambie anyamaze."

Nikasikia sauti ya mke wangu kwa mbali: "Alinioa nikiongea, asiniletee mambo mapya!"

Siku ya safari tuliweka godoro nyuma, tukamlaza, binti akashika kichwa. Lami ikaenda sawa. Barabara ya vumbi, sawa. Tukafika kwa mawe. Nikapanda la kwanza polepole, magurudumu yakapanda na kushuka huku chini, na mwili wa gari ukatulia kama umewekwa mezani. Sijawahi kutengeneza gari likawa zuri hivyo. Nilikuwa karibu kucheka.

Ndipo nikamsikia mke wangu analia. Mwanamke huyo hata watoto alizaa bila kulia.

Nikasimamisha, nikaruka chini na spana. "Imegonga wapi? Nyuma, kulia?"

"Haijagonga."

"Ni kuyumba?"

"Haiyumbi, baba watoto."

"Nitalaza kidogo tena. Haitachukua muda."

"Weka hiyo spana chini. Gari halina makosa. Ni mimi."

Maisha yangu yote, kitu kikiumia mbele yangu nimeona mahali pa kufungua. Nililala chini ya gari hata hivyo, nikaangalia shoki moja moja. Zote zilikuwa sawa. Ningepata hata nati moja imelegea ningeshukuru Mungu.

Kutoka pale, bati la nyumba yetu linaonekana. Akaomba ainuliwe, binti akamwinua mabega. Akaangalia sana.

"Nani aliacha mlango wa jikoni wazi? Mbuzi wataingia."

"Nitafunga."

"Nenda sasa. Nikikuona umefunga, turudi Embu. Mifupa hii haitafika juu."

Nikapanda kwa miguu. Nikafunga, nikatia komeo, nikageuka. Kule chini niliona mkono wa binti umemkinga mama yake jua usoni, na mama ananitazama. Nikashuka, nikageuza gari, tukarudi Embu. Huko ndiko alifia, kwa kitanda cha binti yake, na nyumbani hakufika.