Mlango wa Gari la Baba

Namshukuru Mungu, mlinzi wa watoto na wazee, aliyenifikisha umri wa kukaa na kukumbuka. Ni yeye aliyetuhesabu jioni ile akakuta hatujapungua.

Juzi, baada ya misa, kijana mmoja wa parokia alinirudisha nyumbani kwa gari lake jipya. Nilifunga mlango mara mbili nikidhani haujafunga, maana haukulia. Akacheka. Mimi nilikuwa nimesharudi utotoni, wakati wa vita, nikiwa nimeshika kamba ya mlango wa gari la baba.

Gari lile lilikuwa kuukuu, rafiki yangu. Bati la mlango wa upande wangu lilikuwa limelegea. Ukilisukuma kwa kiganja lilibonyea na kurudi. Hata gari likisimama, injini ikiwaka tu, mlango mzima ulitetemeka na kulia kama sufuria iliyojaa vijiko. Kwetu Butembo, bibi aliusikia tangu chini ya kilima akaweka maji ya bugali motoni.

Baba alichoka nao. Kwenye kila kizuizi askari waliugonga wakiuliza tumeficha nini ndani yake. Siku mimi na baba tulipoteremka Beni kutafuta dawa ya mdogo wangu mchanga, aliyeshikwa na homa, tulipitia kwa fundi. Fundi akafungua ubao wa ndani, akakaza bawaba, akakata mpira wa ndani wa gurudumu na kusokomeza vipande kati ya bati na ubao. Ukanda mwingine akaubandika ukingoni. Harufu ya gundi ile ninayo puani hadi leo. Mlango ukafunga kwa sauti moja nzito. Baba akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, mpaka fundi akamwambia, “Papa, uuache upumzike kidogo.”

Njiani hakuna askari aliyeugusa. Baba aliimba wimbo wa Mama Maria kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulipokaribia Butembo mvua ikaanza, ile mvua ya baridi ya kwetu.

Nyumba tuliikuta wazi. Maharage yalikuwa yakichemka mekoni, blanketi la mtoto limeanguka kizingitini. Baba alimwita mama, akamwita bibi. Migombani, nyuma ya nyumba, hakuna aliyeitika. Akaita hadi sauti ikamkauka. Nilibana chupa ya dawa kifuani nikiiwaza ile homa ndani ya mvua ile.

Hapo baba akakumbuka agizo la bibi. Jirani yetu aliwahi kulazimishwa kwa bunduki awaite jamaa zake watoke mafichoni. Tangu siku hiyo bibi alituambia, “Sauti ya mutu, banaweza kuilazimisha. Mimi nitatoka nikisikia mulango wa motokari.” Na sisi tulikuwa tumepanda kilima mlango ukiwa kimya, injini tu ikisikika, kama wageni wabaya.

Baba alirudi kwenye gari. Aling'oa ubao kwa bisibisi, akavuta mpira wote, wa ndani na wa ukingoni, akautupa matopeni. Akalegeza bawaba. Akawasha injini na kukanyaga mafuta. Kwanza hakikulia kitu. Kisha bati likaanza kutetemeka, mlango ukalia, ukalia kilima kizima.

Migomba ikatikisika. Bibi alitoka wa kwanza, panga mkononi. Nyuma yake mama, mtoto amefungwa kifuani chini ya vitenge viwili, mkavu. Mama akamtazama baba, akautazama mlango. “Donc, basi ulitaka tukufe na baridi juu ya mulango muzuri.”

Mtoto alipewa dawa kando ya moto, nasi tukala maharage yaliyoungua. Fundi wa Beni alijitolea mara nyingi kuurekebisha tena mlango wetu. Baba alimwambia unafaa hivyo hivyo.

Gari liliishia vipande vipande. Bibi amelala kaburini, migomba yake imekuwa nyumba za matofali. Mtoto wa homa sasa ana watoto wake. Mimi bado, gari likipanda kilima jioni, huacha nilichoshika na kusikiliza.

Wewe unayesoma, Mungu akutunze njiani, na nyumbani akuwekee mtu anayeijua sauti ya kufika kwako.