Mwisho wa Mchezo Tuliomficha Akinyi

Naikumbuka vizuri Jumamosi ile, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na habari iliyoniwasha ulimi tangu asubuhi na sikuthubutu kuisema.

Ninyi siku hizi mna mchezo mzima wa wezi kwenye simu, mnautazama hata mkichota maji. Sisi pale Sindo, kando ya ziwa, tulikuwa na televisheni moja ya betri ya gari, nyumbani kwa mwalimu, na kila Ijumaa jioni tulijazana kwenye mkeka wake kuwatazama wezi wetu. Nasema wetu kwa sababu tuliwapenda mno! Lilikuwa genge lililowaibia matajiri walaghai, na dereva wao hakujua kurudisha gari nyuma. Wiki nzima, tukianika omena, vile visamaki vya ziwani, mimi na rafiki zangu Awino na Akinyi tulibishana: ile dhahabu waliyoiba wataitoaje mjini? Katikati ya wezi tuliingiza bei ya sabuni, kikohozi cha watoto na waume wanaokoroma. Mimi niliolewa huko kutoka Kegonga, wakaniita Nyar Kegonga, binti wa Kegonga; Dholuo, lugha ya wenyeji, niliizungumza vibovu, na gumzo hilo la Kiswahili ndilo lililonifanya nijione mwenyeji.

Kisha mama yake Akinyi akafariki. Tulimzika kwao Kosele, na Akinyi akarudi kwake Sindo akiwa kimya kabisa. Hakulia, hakula. Alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yakaanza kukauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia mpaka sauti ikakwaruza. Niliogopa sana, mwanangu. Niliogopa kwamba tungechimba kaburi lingine, dogo.

Sehemu ya mwisho ya mchezo ikaonyeshwa wiki hiyohiyo. Jumamosi, mimi na Awino tulipokuja kumpikia Akinyi, tukawa tunanong'onezana jikoni huku tumeziba midomo kwa leso. Ilikuwa tamu kupita kiasi! Lakini tumwambie Akinyi? Wezi walikuwa wameificha dhahabu ndani ya jeneza, wakajifanya wafiwa. Ungeanzia wapi?

Nyanya wa mume wake, tuliyemwita Dani, akatokea mlangoni.

"Munanong'ona nini huko?"

Awino akamweleza yote, macho chini. Nilijua tunafukuzwa.

"Kwa hivyo huyu amefiwa na mama," Dani akasema, "na nyinyi sasa munamunyima hata marafiki? Hapa mzee akikufa, wanaume wanakimbiza ng'ombe na kelele mpaka huko nje ya kijiji. Kilio yetu haiogopi kelele. Haya, muende mumwambie."

Tukaenda. Nilianza polepole, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. Lakini nilipofika kwa yule dereva nilishindwa kukaa. Nikashika sinia kama usukani, nikarudi kinyumenyume mpaka nikaangusha ndoo ya maji. Awino akawa polisi, akanikimbiza na mwiko kuzunguka meza, na Dani mlangoni akapiga makofi! Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani.

"Polisi wakafungua nyuma ya gari," nikasema, "wakakuta..."

Mwiko wa Awino ukabaki hewani.

Akinyi alikuwa ananitazama.

"Sanduku," akasema. "Ya maiti. Polisi wakavua kofia wakawapisha. Si ndio?"

"Ndio," nikajibu.

"Si niliwaambia! Nyar Kegonga, si niliwaambia mkanicheka?"

Akacheka yeye mwenyewe, kicheko cha nguvu. Kisha kicheko kikageuka, akamlilia mama yake, mara ya kwanza tangu mazishi, nasi tukamshika tukalia naye. Alipomaliza akaomba uji. Akaumaliza, akaomba tena. Jioni hiyo mtoto alinyonya mpaka akalala kifuani kwake. Mtoto mwenyewe ni huyu Ouma unayemwita mjomba, anayekula ugali wa watu watatu.

Sasa nisikilize. Rafiki yako Akoth amemzika baba yake juzi, na jana nimekuona unamwandikia ujumbe, unaufuta, unaandika tena. Unatafuta neno kubwa. Acha kulitafuta, mwanangu. Nenda kwake leo, kwa miguu yako. Umpelekee ule mchezo wenu wa wezi, umwambie nani amekamatwa na nani ametoroka, na sukuma wiki imepanda bei, na kuku wangu ameingia tena kwa jirani. Akitaka kunyamaza, nyamaza naye. Akitaka kulia, mwache alie. Lakini usimwamulie wewe kile anachoweza kukisikia. Amepoteza baba, usimfanye apoteze na marafiki pia.

Mungu akufungulie mdomo ufikapo mlangoni kwake. Akupe miaka mingi na vicheko vingi, na siku msiba utakapokufika wewe, akujalie marafiki wasionong'ona jikoni.