Mtaa Tulioupeleleza Kabla ya Kuhamia

Binti yetu alikuwa na miaka kumi siku nilipoukuta ushungi wake umefichwa chini ya godoro, una matope na umechanika ukingoni. Nilikuwa natandika vitanda, naye yuko skuli. Aliporudi nikamuuliza. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni wasichana wakubwa tu pale kituo cha basi, na kwamba jambo lenyewe lilishapita wiki nzima. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, ungefanya nini?

Tulikuwa na miaka minane London, tukikaa Peckham, ghorofa ya sita ya jengo la kaunsili, la kupangishwa na serikali ya mtaa. Mume wangu akiendesha basi, mimi nikihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Peckham nilikuwa naipenda. Muhogo na ndizi mbichi nilivipata nikishuka ngazi tu, na nikiumwa kulikuwa na watu wa kunijulia hali. Lakini mtoto alikuwa karibu kuingia sekondari, na skuli ambayo angepangiwa ndiyo waliyosoma wale wasichana.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu vyake vya kazi, akasema, "Basi tuhame."

Tuhamie wapi, hakujua. Alikuwako dereva mwenzake, mtu wa Mombasa, aliyehamia Harrow, upande wa pili wa London, na hachoki kuisifu. Huyo ndiye aliyemfundisha namna ya kuujua mtaa. Usiwaulize watu, alimwambia, kila mtu husifu kwao. Tazama kama maduka yametiwa vyuma madirishani. Tazama kama baiskeli za watoto zinaachwa nje. Kisha nenda skuli saa tisa na nusu, wakati wa kutoka, usimame mbali uwaangalie watoto. Hapo utajua.

Niliyekwenda Harrow ni mimi, kwa kuwa siku zangu za mapumziko zilianguka katikati ya wiki. Nilikwenda mara nne, na daftari dogo mkobani. Niliandika njia zenye taa nyingi, nikaandika wapi nimemwona bibi kizee akitembea peke yake na wapi nimeona chupa zilizovunjwa. Nyumba zilikuwa mbili mbili zinazogawana ukuta, na vibustani mbele. Nilizitazama sana na sikuweza kujua lolote. Pazia ni pazia. Nani anampiga nani nyuma yake, nani atampenda mwanangu na nani atamtemea mate, hayo hayakuandikwa mlangoni.

Mara ya tatu nilisimama ng'ambo ya lango la skuli moja ya mtaa ule. Watoto walitoka makundi makundi, kwa kelele za watoto wowote. Msichana mmoja mrefu alimshikia lango mwenzake mwenye magongo mpaka akapita, wala hakuna aliyewacheka. Nikaliandika hilo. Wiki iliyofuata nikarudi, nipate kuhakikisha.

Siku hiyo mwalimu mmoja alivuka barabara akaniuliza kwa adabu kama nasubiri mtoto. Nikasema hapana. Akaniuliza mimi ni mama wa nani. Nikasema, hapa sina mtoto. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kazini: cha kumuuliza mzee kama anaumwa, kama amekunywa dawa, kama anataka dirisha lifungwe. Hakikuwa na maneno ya kueleza kwa nini mwanamke aliyevaa baibui anasimama nje ya skuli bila mtoto, na daftari mkononi. Alilitazama lile daftari. Akasema wazazi waliniona wiki iliyopita pia na hawakufurahi, na kwamba nisipoondoka itabidi awaite polisi. Aliyasema yote kwa upole, na upole ule ndio ulionivunja. Nimekuja kutafuta khatari ya mtaa, kumbe khatari iliyoonekana ni mimi.

Ndipo nikasikia naitwa kwa Kiswahili. "Njoo ndani, mwanangu. Njoo ukae."

Alikuwa mama wa Kihindi, amesimama mlangoni mwa duka lake la pembeni mwa njia; alikuwa amenitambua kwa lafudhi yangu. Akamwambia yule mwalimu kwa Kiingereza kwamba mimi ni mgeni wake. Mwalimu akaomba radhi, akarudi zake. Yule mama alinikalisha nyuma ya kaunta akanipa chai. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini Unguja, cha watu wa zamani, kama nilivyokuwa nikikisikia kwa bibi yangu. Nilimweleza habari ya ushungi, na ya skuli, na ya kuhama. Mwisho nikamuuliza, "Hapa ni salama, mama?"

Akanihadithia kwamba baba yake alinunua nyumba mjini Unguja kwa sababu ilikuwa karibu na skuli, na kabla ya kununua aliupita mtaa ule asubuhi na jioni mwezi mzima, akiuliza kila mtu.

"Mtaa ulikuwa mzuri," alisema. "Majirani walikuwa wazuri. Mapinduzi yakatukuta humo humo." Akapangusa kaunta, ingawa ilikuwa safi. "Mimi hapa nina miaka ishirini, hawajanivunjia kioo. Zaidi ya hilo siwezi kukuahidi."

Baba yangu mimi aliyapokea Mapinduzi kwa furaha. Sikumwambia. Nilimaliza chai, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Tulihamia Harrow kabla ya mwaka kwisha, ghorofa ya juu ya nyumba ya mtu, dakika kumi kwa miguu mpaka lile lango. Tukaomba nafasi. Barua ilipokuja mimi nilikuwa kazini, na mtoto aliyetangulia kurudi akaifungua mwenyewe. Nilimkuta ameketi mezani, barua iko mbele yake. Nikamwomba anisomee. Akaanza kunieleza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno, yeye ambaye miaka mingi alikuwa hanijibu ila kwa Kiingereza.

"Hawanitaki, mama." Kisha akajirekebisha. "Si kwamba hawanitaki. Nyumba yetu iko mbali."

Nafasi zilitolewa kwa umbali, kwa mstari ulionyooka kutoka mlangoni mpaka langoni, na mtoto wa mwisho kupata alitushinda ukaribu kwa nyumba chache tu. Tukakata rufaa. Mume wangu alikuja na sare yake ya kazi, tukaketi mbele ya watu watatu. Walitusikiliza vizuri, siwezi kuwalaumu. Mmoja akauliza skuli hii ina nini kwa mtoto wetu ambacho nyingine haina. Mume wangu akanitazama. Daftari lilikuwa mkobani mwangu, na kila nililoliandika nikaliona la kitoto.

"Watoto wake wanashikiana lango," nikasema.

Wakangoja niendelee. Rufaa ikakataliwa.

Akapangiwa skuli nyingine, mabasi mawili kutoka kwetu, ambayo tulikuwa hatujaiona hata kwa nje. Siku ya kwanza nilimsindikiza. Tulipokaribia kituo chake, aliniomba kwa sauti ya chini nisishuke. Nikabaki ndani ya basi. Nilimwona akiungana na sare za rangi moja na sare yake, na baada ya nyumba mbili tatu sikuweza tena kutambua yupi ni yeye.

Alisoma pale miaka yote, akafaulu. Lakini mwaka wa tatu mtoto alibadilika. Akirudi anapitiliza chumbani, chakula anakiacha, na mimi nasimama nje ya mlango na sahani mkononi, nikisikiliza. Nilimuuliza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Baba yake alimuuliza. Nilipiga simu skuli, nikaambiwa anaendelea vizuri. Mwaka ule ulipita kama homa inavyopita, na sisi hatujui ilitoka wapi.

Alipokuwa mtu mzima mwenye jiko lake, tukimenya viazi, nilimuuliza tena kulitokea nini mwaka ule. Akasema hayo ni ya zamani, mama. Kisha akanipa kisu kingine, kwa kuwa changu kilikuwa butu.