Mama Atue Wapi

Mjomba wangu alisema nitabeba maboksi Amerika mpaka mgongo uishe. Binamu zangu walisema mtu wa alama za wastani kama mimi hawezi kufanya kazi mchana na kusoma usiku. Mwalimu wangu wa zamani alitikisa kichwa tu. Leo nimerudi nyumbani, diploma yangu ya uendeshaji wa viwanja vya ndege iko ukutani ofisini, na binamu hao hao wakitaka kujua kwa nini ndege ya Dubai imechelewa, hunipigia mimi.

Maboksi nilibeba kweli. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa mjini Louisville, nikipakia ndege za mizigo, na hapo ndipo nilipoanza kuudhika na kitu kinachoitwa uwanja wa kimataifa. Boksi la viatu liliruka moja kwa moja hadi Ujerumani. Binadamu aliyetaka kwenda Ujerumani alipelekwa kwanza Atlanta au Chicago, akae huko ale mkate wa bei mbaya. Nikahamia Columbus, Ohio, kusoma, mchana nasukuma viti vya magurudumu uwanjani, na mambo yakawa yale yale. Uwanja una jina la kimataifa, lakini ng'ambo yake ilikuwa Toronto, hapo Kanada jirani. Kwenda Louisville, mwendo wa saa tatu na ushei kwa gari, ndege ilikushusha kwanza Charlotte, kusini kabisa, halafu ndiyo ikurudishe. Njia hizo zote nilikuwa nazo kichwani. Abiria waliniuliza mimi kabla ya kutazama ubao.

Mwaka wa kuhitimu, mama alipata viza. Alikuwa anakuja kwa jambo moja tu: anione nikipewa hiyo diploma, ili akirudi aseme ameona, si ameambiwa. Sherehe ilikuwa Jumamosi alasiri. Ndege ingemfikisha New York Ijumaa mchana na Columbus jioni.

Ijumaa mvua ya radi ikatanda Ohio nzima. Safari za kuja Columbus zikafutwa moja baada ya nyingine, mimi nikiwa nimesimama chini ya ubao naziona zinavyokufa. Simu ikaita. Mama alikuwa ameazima simu ya Mkenya mwenzetu aliyekutana naye kwenye foleni.

"Wanasema mpaka Jumapili," alisema. "Nimewaambia sherehe ni Jumamosi, wananichekea tu."

"Usibishane nao, Mama. Waambie wakupeleke Buffalo kesho asubuhi."

"Buffalo ndiyo wapi?"

"Mji mwingine. Nitakufuata huko."

"Tiketi imeandikwa Columbus. Sasa nishushwe njiani kama gunia la viazi?"

"Si njiani, Mama. Ni kule juu, karibu na Kanada."

"Kanada sina viza."

Nikamwomba ampe simu dada wa kaunta. Nilijua ndege za New York kwenda Buffalo ni nyingi, na mvua haikuwa imefika huko. Nilijua pia kwamba kati ya Buffalo na Columbus hakuna ndege hata moja ya moja kwa moja, na kwamba barabara ni saa tano. Dada yule alibonyeza kompyuta yake, akapata kiti cha asubuhi. Kazi yangu ikabaki kutafuta gari.

Jirani yangu pale mtaani Clintonville alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, mfanyakazi wa ghala, mwenye gari kubwa la kubebea familia yake. Alizitoa funguo, kisha akazishikilia.

"Subiri kwanza. Wewe si ndiye msomi wa ndege?"

"Nipe funguo, kaka."

"Nataka tu kuelewa hayo masomo. Diploma yote hiyo, mwisho wake ni barabara?"

"Mama anatua asubuhi."

Akanipa funguo, akaingia ndani akarudi na koti lake la suti. "Hilo lako mikono imefupika. Mama asikukute hivyo." Viatu nilikuwa nimeshaazima kwa mzee mmoja Mkenya wa Westerville, pembeni ya mji.

Niliondoka kabla hakujapambazuka. Mama alitoka pale Buffalo akinitazama kama mimi ndiye niliyeinyesha mvua. Nikamwambia tukimbie. Akasema haendi kwenye sherehe na nguo iliyolala uwanjani, akaingia chooni na begi zima, akakaa humo mpaka nikaanza kuzungukazunguka mlangoni kama mlinzi.

Tulipopita Cleveland aliuliza, "Barabara nzuri hivi ipo, mbona ndege haipo? Watu wa huku hawatembeleani?"

Nilimweleza kwamba mashirika hukusanya abiria wote kwenye uwanja mmoja mkubwa, kisha huwatawanya.

"Yaani nitoke Nakuru kwenda Naivasha, nipelekwe Mombasa kwanza?"

"Ndivyo."

"Na hiyo uliisomea?"

"Niliisomea, Mama."

"Basi ukirudi usituletee."

Tuliingia ukumbini wameanza kuita majina. Nilivaa joho nikikimbia. Kijana wa mlangoni alitaka kumketisha mama nyuma. Nilipogeuka nilimwona anateremka kuelekea mbele, kijana anamfuata. Tulikuwa tumeombwa tusipige makofi hadi jina la mwisho. Jina langu lilipotajwa, mama alipiga vigelegele virefu, akavuta pumzi, akapiga tena. Profesa aliyenikabidhi diploma alisubiri amalize.

Jioni ile nilirudisha kila kitu cha watu, na mama akakataa kubaki nyumbani. Tulianzia Westerville kwa mzee mwenye viatu. Kisha tukampelekea jirani gari lake, tangi limejaa, na koti limekunjwa vizuri. Mama alimshukuru kwa mikono miwili.

"Mama, mwanao amesoma," alisema jirani. "Barabara ya Buffalo anaijua yote."

"Ameijua," mama akajibu. "Nimeona."

Sikuwa tena na kitu cha mtu mwilini. Nilirudi kwangu kwa miguu, nimevaa malapa yangu na joho nililolinunua mwenyewe, mama akitangulia mbele ingawa njia hakuijua.